Sisi Wahojiwa

Wanakuja saa tatu asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Mbele mjumbe, nyuma yake vijana wawili watatu wenye vitambulisho shingoni na vishikwambi mkononi, wamevaa raba nyeupe ambazo ukiziona tu unajua hakuna aliyewaambia mtaro wetu uko wapi. Shikamoo mama. Marahaba wanangu, karibuni. Stuli inatolewa, inafutwa kwa ncha ya kanga, watoto wanafukuzwa, shughuli inaanza. Kaya hii ina watu wangapi? Mkuu wa kaya ni nani? Jana mlikula milo mingapi? Choo ni cha aina gani, na mnachangia na kaya ngapi? Maji mnachota wapi, kwenda na kurudi dakika ngapi? Katika miezi kumi na miwili iliyopita kaya hii ilipatwa na mafuriko, kupanda kwa bei ya chakula, au kifo cha mtafutaji? Tunajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, Mungu amrehemu. Swali linalofuata ni kama tuna redio.

Hapa Kigogo, upande wa kushukia Mto Msimbazi, tumehojiwa mpaka tumepata uzoefu. Tumehojiwa uchumi, tumehojiwa tabianchi, tumehojiwa kodi, na tumehojiwa kama tunaridhishwa na utawala bora ngazi ya mtaa, tukajibu huku mjumbe kasimama palepale mlangoni, kwamba tunaridhishwa sana. Kuna bibi nyumba ya pili anajibu kabla swali halijaisha. Vijana wanampenda, wanasema bibi huyu ana ushirikiano. Ushirikiano gani, mtu ana beseni la maandazi linapoa.

Kabla ya kuanza wanatusomea ridhaa. Tunaambiwa kwamba tuna haki ya kukataa, tuna haki ya kuruka swali lolote, tuna haki ya kusitisha mahojiano wakati wowote bila kutoa sababu na bila kudhurika. Tunasomewa haki hizo taratibu, kwa heshima, na tunatia sahihi. Kodi hatujawahi kusomewa hivyo.

Sasa tuseme na lile ambalo halisemwi mbele ya kishikwambi. Tunadanganya. Hatudanganyi hovyo, tunadanganya kwa mpango. Mgeni akishatokea kwenye kona tunamsoma viatu, tunasoma maandishi ya fulana, tunajiuliza swali moja tu: huyu anatoa au anachukua? Akiwa na harufu ya kunusuru kaya maskini, televisheni inafunikwa kanga, milo mitatu inakuwa mmoja na uji. Akiwa wa mikopo, tunaazima kochi kwa jirani, na meza ya karanga inageuka biashara ya nafaka. Akinukia kodi, duka si letu, ni la shemeji, na shemeji yuko Tunduru, na Tunduru huko simu haishiki. Na akiwa hatoi wala hachukui, anataka kujua tu, basi huyo tunampa wastani. Huo wastani ndio huwa unatangazwa.

Msituhukumu haraka. Mtu mzima akija nyumbani kwako akakuuliza unaingiza shilingi ngapi kwa mwezi, na hakwambii anazitakia nini, ungemjibu vipi?

Matokeo tunayasikia kama watu wengine, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, kwa jirani mwenye televisheni, ikiwa siku hiyo haijafunikwa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulisema mtu mzima anayetumia chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi hayamudu mahitaji ya msingi, huyo ni maskini, na maskini wa namna hiyo Tanzania Bara ni asilimia 26.4. Tukachukua mkaa tukapiga hesabu ukutani: shilingi 1,644 kwa siku. Hata kwa bei za wakati ule, hapo una chai ya rangi na chapati, una sahani ya wali maharage kwa mama lishe, na chenji inayobaki haifiki nauli. Lakini kilichotushangaza zaidi ni ule mpaka wenyewe. Anayetumia 49,300 ni maskini. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, wanaochangia choo, anayetumia 49,350, si maskini. Tulimpongeza.

Halafu ikaja tarehe 1 Julai 2020, tukaamka wote tuko uchumi wa kati. Benki ya Dunia ilikuwa imetangaza: kizingiti ni dola 1,036 za pato la mtu mmoja kwa mwaka, Tanzania ina 1,080. Tumevuka kwa dola 44. Hakuna aliyepita kugonga mlango kusema hodi wenyewe, mmevuka. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa pembeni, kuona kama yeye ndiye aliyeishika ile 1,080 ya watu. Aliyeuelewa uchumi wa kati mapema kuliko wote ni mwenye nyumba. Mwezi uliofuata akapandisha kodi ya chumba.

Na mfumuko wa bei je? Mwaka 2024 ulikuwa ukitajwa kila mwezi kwamba unazungukia asilimia 3, na sisi hatubishi, maana waliopima wamesoma. Ila mwanzoni mwa mwaka huohuo sukari tuliyozoea kuinunua chini ya 3,000 kwa kilo ilivuka 4,000, na siku nyingine ilikuwa haipo kabisa, hata hiyo ya 4,000. Mvua za El Niño zilikuwa zimelowesha mashamba, miwa haivuniki, viwanda vimesimama. Tukamuuliza kijana mmoja wa kishikwambi, hiyo asilimia 3 inauzwa duka gani? Akatueleza kwa upole wote. Alisema wanatumia kapu. Wanakusanya bei za mamia ya bidhaa na huduma, kimoja kikipanda kingine kinasimama, kingine kinashuka, vyote vinapewa uzito wake, unapatikana mfumuko. Tukaelewa kabisa. Ni hesabu safi, haina kona. Tukamkaribisha chai. Haikuwa na sukari.

Kulikuwa na kipindi takwimu zenyewe zilikuwa na wenyewe. Mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa hata mtu kutangaza namba za kupinga za serikali ikawa ni kosa la jinai. Ilipofika 2019 ikalegezwa. Wasomi walipiga kelele, Benki ya Dunia nayo ikanung'unika. Mtaani wala hatukushtuka. Sisi takwimu zetu tunazitangazia gengeni, kwa sauti ya chini, na shahidi ni muuza nyanya, ambaye hawezi kwenda mahakamani kwa sababu tunamdai na anatudai.

Kwenye kodi ndiko tulikochoka hasa. Tozo ya miamala ya simu ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, kutegemea ukubwa wa hela, ikapewa jina zuri la mshikamano. Na kweli tulishikamana. Tulirudi kumpa dereva wa basi bahasha ya bibi wa kijijini, tukarudi kwenye kibubu, na kwa wale wa mbali sana tukawa tunatuma salamu peke yake. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Kila ikipunguzwa tunaambiwa serikali ni sikivu, na sisi hatukatai kwamba ni sikivu. Tungeomba tu isikie kabla. Mwaka 2023 ikaja shilingi 100 juu ya kila lita ya petroli na dizeli, ya miradi ya kimkakati. Tukasema afadhali, hiyo ni ya wenye magari. Kondakta akatukumbusha kwamba daladala nayo inakunywa.

Na kuna hii kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 imehamia kwenye umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kwenye karatasi mlipaji ni mwenye jengo. Kwenye mita mlipaji ni yule aliyenunua umeme, naye ni mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye jengo lake hapa duniani ni kitanda, pazia na ndoo mbili. Anaingiza 2,000 mwanzo wa mwezi, 1,500 inakwenda kujenga taifa, inabaki 500, taa inawaka, inazimika, naye anabaki gizani akiwa mlipakodi wa majengo. Ukiuliza, unaambiwa mpangaji arudishiwe na mwenye nyumba, wapatane. Aliyesema hivyo tunamtakia heri. Inaonekana hajawahi kupanga.

Si kwamba mambo haya hayajachunguzwa. Yamechunguzwa mpaka yamechanika. Mwaka 1991 tume ya Edwin Mtei ilikuwa tayari imeshachunguza mapato, kodi na matumizi ya nchi. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, au tulikuwa mgongoni. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka, Waziri Mkuu akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja, wakafungua. Juni 2024 wakafunga tena. Mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, mwenyekiti wake Balozi Ombeni Sefue. Miaka thelathini na ushei kati ya tume na tume, na swali ni lilelile: mbona kodi ni nyingi na walipaji ni wachache? Duka zima la majibu liko pale gengeni, na halijawahi kufungwa hata siku moja.

Tena tume zenyewe hazitabiriki. Ya Jaji Francis Nyalali, hiyohiyo 1991, ilizunguka nchi nzima kuwauliza watu: chama kimoja au vingi? Kama asilimia 80 wakasema kimoja kinatosha. Kama asilimia 20 wakataka vingi. Tume ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 vikaja. Sisi hatusemi ilikosea, vyama tumevizoea, fulana zake tunazivaa zote. Ila wazee wetu waliokuwa kwenye ile 80 mpaka leo wanauliza waliitwa mkutanoni kufanya nini.

Na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hiyo ndiyo ya kila mwaka. Inakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, inakwenda bungeni, magazeti yanaipanga vichwa vya habari, na sisi Aprili tunakasirika kwa wiki mbili. Tunakasirika kweli, mabilioni tunayataja kwa majina. Halafu masika yanakolea, maji yanaingia ndani, tunaacha.

Maji sasa. Tabianchi ndiyo somo letu la nyumbani, wengine wanaisafiria kwenda mkutanoni Dubai, sisi inatufuata kitandani. Desemba 2011 ilinyesha mvua Dar es Salaam ambayo hata wazee waliishangaa, wakafa watu wapatao 40, na baadhi ya majirani zetu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, mbali na mto, na mbali na kila kitu kingine. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani, na nyuma ya X tingatinga. Mwaka 2022 ukaja mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi: daraja kubwa pale Jangwani, mto kutanuliwa, bustani, fidia kwa wa kuondoka. Katikati ya mafuriko na X na mkopo, kulikuwa na upembuzi yakinifu, na baada ya upembuzi yakinifu usanifu wa kina, na baada ya usanifu wa kina tathmini ya athari, na kila mmoja ulikuja na vijana wake na raba zake.

Walipima kina cha mchanga. Walipima ukuta maji yalikoishia, tukawaonyesha mstari, tukawaonyesha na mstari wa mwaka uliotangulia, na ule wa juu kabisa karibu na dirisha. Wakatuuliza kama tunafahamu kwamba tunaishi katika eneo hatarishi. Tunafahamu. Wingu likijikunja tu upande wa Pugu, godoro linapanda juu ya kabati, vyeti vya watoto vinaingia kwenye mfuko wa plastiki, kuku wanahamia darini, na yote hayo hatukufundishwa kwenye semina. Wakaandika kwamba uelewa wa jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi ni wa wastani. Wakati wanaandika, jamii ilikuwa imekaa juu ya meza.

Tunaambiwa Afrika nzima inachangia kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Sawa, kwetu hiyo itakuwa jiko la mkaa na bodaboda ya mtoto wa mama mwenye genge. Hata hivyo tumeonekana. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi. Hapa kwa kweli hatuna kejeli. Moshi tunaujua, macho ya mama zetu ni mekundu tangu tunawajua, na mtu akituondolea tutamwombea. Mtungi mdogo wa gesi wengi tunao. Shida ni kwamba gesi ikiisha inataka hela kwa mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo. Mkupuo ni wa nani? Kopo ni la kila mtu. Basi mtungi umesimama pembeni ya kochi, umevishwa kitambaa cha kufuma, na juu yake tumeweka redio. Ndiyo ileile waliyoiulizia. Kwenye dodoso: mna mtungi wa gesi? Tunao. Tumeshaingia kwenye asilimia.

Mwaka juzi mmoja wetu alialikwa hotelini, kwenye uzinduzi wa ripoti, akawe sauti ya mwananchi. Tulimchangia blauzi. Alitusimulia yote jioni, tena kwa mpangilio. Saa tatu kujiandikisha, saa nne chai na sambusa, saa tano mada, saa saba chakula. Kiyoyozi kilikuwa kikali, wadau wamevaa makoti, yeye ana kanga. Sauti ya mwananchi ilipangiwa dakika tano kabla ya chakula. Mgeni rasmi akachelewa, ikawa dakika mbili. Akasimama akasema: tunaomba mtaro. Wakapiga makofi. Mwongozaji akasema huo ni mchango mzito sana, utaingizwa. Baada ya hapo kulikuwa na kuku.

Alirudi na begi la kitambaa, kalamu, nauli, na ripoti yenyewe. Ripoti ni nzito, karatasi zake zinateleza, tena ya Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Jalada lake ni mama wa mtaa wetu, tunamfahamu, kajitwika ndoo kichwani, anacheka meno yote. Alikuwa anacheka kwa sababu mpiga picha aliteleza mtaroni. Mjukuu aliyeko kidato cha nne akatusomea ukurasa wa mwisho, pale penye mapendekezo, akatafsiri neno kwa neno huku tumenyamaza: ipo haja ya kufanya utafiti zaidi.

Jumamosi hii wanakuja tena. Mjumbe kapita jana jioni nyumba kwa nyumba kutuomba tusitoke, na amesema safari hii uchumi, tabianchi, kodi na utawala vitaulizwa kwa pamoja, kwa hiyo ni saa moja na nusu, tule kabisa. Tutatoa stuli. Swali la mwisho huwa ni kama tuna jambo lolote la kuongeza. Mwaka jana tuliongeza. Tuliongeza watu wanne kwa kupokezana, karibu nusu saa, kuhusu mtaro: unapoanzia, unapoziba, nani aliahidi, mwaka gani, mtoto gani alitumbukia. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akabonyeza. Mtoto aliyekuwa amesimama nyuma yake akakisoma kishikwambi kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu siku hizi.

"Hakuna."